Kreni Iliyochelewa Kusimama

Mama Ngalula alinipigia simu kutoka Kolwezi kuniambia kwamba mume wake, Tata Mwamba, yaani Baba Mwamba, amefariki. "Ngoie," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kumaliza machozi, "muzee ameenda. Kama unaweza kuya, kuya." Nilikwenda. Kwenye kilio niliketi na akina mama wenzangu, na binti yake mkubwa akanitambulisha kwa wageni kuwa mimi ndiye niliyekuwa napima mashini ya redio pale kampuni. Watu walitikisa vichwa kwa heshima na hakuna aliyeuliza ni mashini gani. Baadaye niliombwa niseme neno. Nikasema marehemu alikuwa mtu mwema na mvumilivu, kisha nikakaa. Yalikuwa ya kweli, lakini maneno hayo yangeweza kusemwa na mtu yeyote, juu ya marehemu yeyote, na njia nzima ya kurudi Lubumbashi nilihisi nimeondoka na kitu ambacho nilipaswa kukiacha pale.

Nilikaa katika nyumba yao mwaka mmoja, katikati ya miaka ya themanini, nchi ilipokuwa bado inaitwa Zaire. Nilikuwa fundi wa elektroniki, nimetoka shuleni, na ule ulikuwa mwaka wangu wa majaribio. Kampuni ya mgodi ilinipa kazi lakini haikunipa nyumba, kwa kuwa nyumba walipewa wanaume wenye familia, na wakati huo hakuna aliyejua msichana asiye na mume awekwe wapi. Ndipo nilipopanga chumba kwa Tata Mwamba huko Musonoi, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi pale Kolwezi. Kilikuwa chumba cha nyuma, kina kitanda cha chuma, meza ambayo mguu wake mmoja uliwekewa kipande cha tofali, na msumari wa kutundikia ovaroli. Ukuta uliotenganisha chumba changu na sebule haukufika kwenye bati. Alasiri, walipolipua mwamba kwenye shimo la mgodi, sahani za bati zilizopangwa kabatini ziligongana zote kwa pamoja, kisha zikanyamaza, na Mama Ngalula aliendelea na sentensi yake pale alipoiachia. Nilipoamka nilisikia kila kitu: makaa yakipulizwa, redio ikitafutwa stesheni, watoto wakigombania sabuni. Sikusikiliza kwa makusudi. Ila katika nyumba ya namna ile, kutosikia ndiko kulikohitaji juhudi.

Tata Mwamba alikuwa mwendeshaji wa kreni katika karakana kubwa ambako mitambo ya mgodini ililetwa kutengenezwa. Kreni ile ilitembea juu ya reli mbili karibu na paa, ikiburuta ndoano iliyoweza kuinua moteri nzima ya ekskaveta. Zamani aliiendesha akiwa amekaa juu, ndani ya kibanda cha vioo. Mwaka ule kampuni ilinunua chombo kipya: kisanduku chenye vifungo ambacho mwendeshaji alikivaa kiunoni kwa mkanda, akatembea chini kando ya mzigo na kutoa amri kwa redio. Huko juu, kwenye kreni yenyewe, kulikuwa na kisanduku cha pili kilichopokea amri, na ndani yake kompyuta ndogo isiyozidi ukubwa wa ukucha, iliyoziamuru moteri na breki. Tata Mwamba alikipenda. Jioni ya kwanza alituonyesha kwa mikono mezani jinsi alivyosimamisha tani kadhaa kwa dole gumba, na Mama Ngalula, akigawa bukari, ule ugali aliouchanganya mahindi na mihogo kama walivyopika kwao Kasai, akamwambia, "Bon, sasa simamisha na hawa batoto."

Mimi nilifanya kazi katika chumba cha elektroniki, ghorofa ya juu ya karakana hiyo hiyo, chini ya mkuu wetu Shefu Kapend. Alikuwa Mlunda wa Kapanga, mrefu, mwenye sauti ndogo, na alikuwa na desturi ya kufunika kikombe chake cha chai kwa karatasi ili vumbi jekundu lisiingie. Chumba kilinukia risasi ya kulehemu. Dirisha lake lilitazama chini karakanani, na kupitia dirisha hilo ndipo nilipoona, si ajali yenyewe, bali watu wakikimbia kuelekea mahali pamoja.

Aliyeumia alikuwa Kasongo, fundi mitambo, kijana wa umri wangu. Walikuwa wakisogeza moteri kuipeleka juu ya kitako chake cha chuma, na yeye alisimama kati ya kitako na ukuta ili kuilekeza. Moteri ilikuwa isimame kabla ya kumfikia. Haikusimama pale. Ilikwenda mbele kama hatua moja ya mtu mzima, ikambana mguu kwenye ukuta. Tulipofika chini, Tata Mwamba alikuwa bado amekishika kisanduku kwa mikono yote miwili, na dole gumba lake lilikuwa juu ya kifungo chekundu, limekibonyeza, ingawa kreni ilikwisha simama. Ilibidi Shefu Kapend alibandue lile dole taratibu. "Nilifinya," Tata Mwamba alisema. "Shefu, nilifinya, haikusimama." Hospitali ya kampuni ilimkata Kasongo mguu chini ya goti siku ile ile.

Tata Mwamba alisimamishwa kazi akisubiri komisheni, yaani kamati ya wakubwa itakayoamua kosa ni la nani. Kila mtu pale Musonoi alijua maana yake. Nyumba ilikuwa ya kampuni, unga wa posho ulikuwa wa kampuni, shule ya watoto ilikuwa ya kampuni. Mtu aliyefukuzwa hakupoteza kazi tu. Alipewa muda mfupi wa kufungasha, na kama asili yake ilikuwa Kasai, majirani walimuuliza kwa upole lini atarudi "kwao", ijapokuwa alizaliwa barabara ya pili. Mama Ngalula alianza kufua mapazia. Alifua pia vifuniko vya viti, na blanketi ambazo hazikuwa chafu. Nilimuuliza kwa nini. "Kama ni kuhama," alinijibu, "sitahama na bitu bichafu."

Kiwanda cha Ulaya kilichotengeneza chombo kilimtuma mhandisi wake. Aliitwa Luc, Mbelgiji mwenye ndevu chache, aliyekula mkate na dagaa wa kopo mezani petu kazini na kutuuliza majina ya vitu vyote kwa Kiswahili. Wakubwa walitaka jibu moja: je, chombo kilisimamisha kreni kilipoamriwa au hakikusimamisha? Luc, Shefu Kapend na mimi tulipewa kazi ya kupima. Tulifunga ala yetu, ile osiloskopu yenye kioo cha kijani inayochora umeme kama mstari, kwa nyaya mbili: wa kwanza mahali ambapo amri ya redio iliingia kwenye kompyuta ndogo, wa pili mahali ambapo kompyuta ilitoa amri kwa breki. Ukibonyeza kifungo chekundu, mstari wa kwanza unaanguka. Breki ikiamriwa, wa pili unaanguka. Nafasi kati ya maporomoko hayo mawili ndiyo muda ambao kompyuta ilichukua kusikia na kutii.

Nalazimika kueleza hapa jambo ambalo Luc alinieleza akiwa ameketi juu ya sanduku la vipuri, na ambalo nimewaeleza wanafunzi wangu kwa miaka mingi baadaye. Kompyuta ya aina ile hufanya kazi moja kwa wakati. Ikiwa katikati ya kazi na jambo la haraka likatokea, waya mmoja hupiga hodi. Kompyuta huacha ilichokuwa ikifanya, hushughulikia lile la haraka, kisha hurudi. Huko ndiko kukatizwa. Lakini ziko kazi ambazo mwandishi wa programu hataki zikatizwe, na hapo huifunga ile hodi kwa muda. Kwa kawaida ni muda mdogo kiasi kwamba hakuna binadamu anayeweza kuuhisi. Tulipima asubuhi nzima, ndoano ikiwa tupu, mimi nikibonyeza, Shefu Kapend akitazama kioo, Luc akiandika. Breki ilitii kila mara, haraka kuliko kupepesa jicho. Luc aliondoa miwani. Hakufurahi. "Basi ni mwendeshaji," alisema, kama mtu anayesoma habari za mbali.

Jioni ile nilipofika nyumbani, shemeji yake Tata Mwamba alikuwa amekuja kumpa pole. Walikaa uani, na mimi nilikuwa ndani nikimsaidia Mama Ngalula kutwanga sombe, yaani majani ya mihogo, mlango ukiwa wazi. Shemeji alitaka kusimuliwa kila kitu, jinsi ndugu wanavyotaka. "Ulikuwa unaangalia wapi?" aliuliza. "Si ulikuwa unaangalia muntu?"

"Nilikuwa naangalia Kasongo, kiisha nikaangalia namba," Tata Mwamba alijibu. "Kule juu balitia mizani, inaandika kilo. Balisema tusipitishe. Muzigo ulikuwa unayumba, njo maana namba zilikuwa zinacheza. Zinapanda, zinashuka, hazitulie. Kiisha nikafinya."

Niliacha mchi. Mama Ngalula alinitazama. "Nini?" aliuliza. Nikamwambia si kitu, nikaendelea kutwanga, kwa sababu sikuwa na hakika, na katika nyumba ile tumaini lisilo na hakika lilikuwa kitu cha hatari kuliko habari mbaya. Lakini nilikuwa nikifikiri kwamba sisi tulipima ndoano tupu. Ndoano tupu haina uzito wa kuandika. Namba zilikuwa zimesimama kwenye sifuri asubuhi nzima, na kompyuta iliyoandika zile namba ndiyo ile ile iliyotakiwa kusikia redio.

Asubuhi nilimwambia Shefu Kapend, naye akanirudishia swali moja tu: "Unataka muzigo gani?" Nikasema moteri ile ile. Alifikiri, akafunika kikombe chake, akashuka kuomba ruhusa. Luc mwanzoni alisema mizani ni jambo la pembeni, iliongezwa baadaye na wenzake wengine kiwandani. Hata hivyo hakukataa. Waliondoa watu wote sakafuni. Moteri ikainuliwa, ikasukumwa kwa kamba mpaka ikayumba, na namba nyekundu kule juu zikaanza kucheza, kama alivyosema. Nikabonyeza. Ilisimama mara moja. Nikabonyeza tena, na tena, ikasimama. Nilianza kujisikia mjinga mbele ya karakana nzima. Kisha nikabonyeza na kreni ikaendelea kutembea. Sikuamini, nikakandamiza kwa nguvu zaidi, kana kwamba nguvu ingesaidia. Ilikwenda karibu sekunde nzima ndipo breki ikalia. Kwenye kioo cha kijani mstari wa kwanza ulikuwa umeanguka zamani, na wa pili ulikuwa mbali kabisa, karibu na ukingo wa kulia.

Hakuna aliyeshangilia. Luc alifungua mkoba wake, akatoa karatasi za programu zilizokunjwa kama kinanda cha mkono, akazitandaza sakafuni na kuzisoma kwa kidole akiwa amepiga magoti. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Kisha akaniita nipige magoti karibu naye, akanionyesha mstari mmoja. Kila uzito ulipobadilika, kompyuta iliandika namba upya, na ilipokuwa ikiandika ilifunga hodi. Kisanduku cha kiunoni kilirudia kutuma "simama, simama", lakini neno lililokuta hodi imefungwa lilipokelewa nusu, na neno nusu lilitupwa. Mzigo ukitulia, hakuna tatizo. Mzigo ukiyumba, mara chache, bahati mbaya ikipangana, kila neno lilikuta mlango umefungwa, mpaka ulinzi wa mwisho ulipoona kwamba redio imepotea na kuisimamisha kreni wenyewe. "Ni sisi," Luc alisema kwa Kiswahili alichojifunza mezani petu. Nilimheshimu kwa hilo.

Ningependa kuandika kwamba mambo yaliishia hapo. Usiku wa kuamkia siku ya komisheni, mara tu baada ya chakula, nilisikia kupitia ule ukuta usiofika batini sauti ya Tata Mwamba ikimwambia mkewe, "Ngalula, labda ni mi. Labda nilichelewa. Nikifikiri sana, sioni tena mukono yangu. Naona namba tu." Nilisikia maji yakimiminwa, na baadaye kiti kikivutwa. Nililala nikiwa na ujuzi wa aina mbili kichwani na sikuona jinsi ya kuuweka pamoja. Kipimo kilionyesha kwamba chombo kinaweza kuchelewa. Hakuna kipimo duniani ambacho kingeonyesha kama kilichelewa siku ile.

Ndivyo Shefu Kapend alivyoandika, na aliniomba nitie sahihi yangu chini ya yake: chombo kinaweza kuchelewa; kama kilichelewa siku ya ajali, hatujui. Mmoja wa wakubwa, bwana aliyevaa abakosti, ile suti isiyo na tai, ya kijivu, alituambia kwamba sentensi kama hiyo haimsaidii mtu. Alitaka ndiyo au hapana. Akanigeukia na kuniuliza kama nakumbuka kuwa bado niko kwenye majaribio. Nilisema nakumbuka. Shefu Kapend, kwa ile sauti yake ndogo, akimwita mwananchi kama ilivyoamriwa siku zile, alisema, "Sitwayen Direkta, huyu alipima mbele yangu. Kama unamutoa, utoe na mi." Kisha wakamwita Tata Mwamba. Angeweza kusema kwa ukali kwamba alibonyeza, na kipimo chetu kingemuunga mkono. Badala yake alisimama na kofia mkononi akasema kwamba anaamini alibonyeza mapema, lakini hawezi kuapa. Luc aliinamisha kichwa. Nafikiri kila mtu mle chumbani aliona kwamba amejiharibia.

Hawakumfukuza. Walimtoa kwenye kreni, wakampeleka stoo ya vipuri, na nyumba ikabaki yake. Kiwanda kilituma kompyuta zenye programu mpya, nikazifunga mwenyewe, na tukapima tena kwa mzigo unaoyumba mpaka mikono ikachoka, na hazikuchelewa. Mimi nilithibitishwa kazini. Mama Ngalula alirudisha mapazia madirishani. Lakini Tata Mwamba aliacha kuongea mezani. Alikula, akanawa, akakaa uani akitazama ua la jirani. Hakuwa amekwenda kumwona Kasongo hospitalini. Kila Jumapili Mama Ngalula alifunga chakula kwenye kitambaa akampelekea peke yake, na kila mara Tata Mwamba alipata kazi ya kufanya.

Jumapili moja Mama Ngalula alikuwa na homa, akaniomba nipeleke mimi. Kasongo alikuwa ameketi kitandani karibu na dirisha, amekonda, amenyoa vizuri. Nilimpa bukari na samaki, akala kwa hamu. Alijua mimi ni nani. Alipomaliza aliniuliza ni kitu gani hasa tulichokiona kwenye ile mashini yetu, kwa maana watu walikuja na hadithi tofauti. Nikamweleza. Alisikiliza, kisha akauliza, "Sasa ilichelewa ngapi? Nionyeshe."

Sikuwa na ala yoyote. Nikapiga kofi moja, nikasema hapo ndipo kifungo kinabonyezwa. Nikangoja, nikapiga la pili, nikasema hapo ndipo breki inashika.

"Fanya tena," alisema. Nilifanya tena. Alikuwa amefumba macho.

"Ile ni muda mingi," alisema mwishowe. "Muntu anaweza kutoka."

Nikasema labda hakuiona ikija.

"Niliiona," Kasongo alisema. "Niliiona vizuri. Nikaangalia Tata Mwamba, nikaona kidole yake imeshafika ku kile kifungo cha rouge, amekifinya. Njo maana sikutoka. Nilisema, bon, amefinya, inasimama." Alifungua macho. "Ba komisheni balituma muntu hapa. Aliniuliza kama nilisikia kengele ya kreni. Nikasema nilisikia. Hakuniuliza kingine. Ambia Tata Mwamba akuye."

Nilimwambia Shefu Kapend Jumatatu, naye akaandika barua kwa wakubwa siku ile ile. Hatukujibiwa, faili lilikuwa limefungwa. Lakini Tata Mwamba sikumwambia. Habari ile haikuwa yangu. Nilimwambia tu kwamba Kasongo anamwita, na kwamba kama hatakwenda Jumapili hii, mimi nitahama nyumba yake. Ilikuwa mara pekee niliyowahi kuzungumza na mtu mzima vile. Alinitazama kwa mshangao, akamtazama mkewe, na Mama Ngalula akaendelea kuchambua mchele.

Tulikwenda watatu. Mlangoni mwa wodi Tata Mwamba alisimama hata nikadhani atageuka. Kasongo alipomwona alijivuta akae sawa na kusogeza blanketi ili mzee apate nafasi ya kukaa, upande ule ambao mguu haukuwepo. Tata Mwamba alikaa ukingoni kabisa, kama mtu anayeogopa kuvunja kitu. Kasongo alimwambia yale yale aliyoniambia, kwa maneno machache zaidi. Tata Mwamba alisikiliza akitazama mikono yake.

"Uliona kidole yangu," alisema.

"Niliona, tata."

"Ilikuwa imefinya?"

"Ilikuwa imefinya. Njo nilibakia."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikohoa, muuguzi akapita na sinia. Kisha Tata Mwamba akaweka mkono wake juu ya blanketi, pale pasipokuwa na kitu chini yake, akauacha hapo, na Kasongo hakuuondoa. Mama Ngalula alifungua kitambaa cha chakula, akatazama waliokuwepo, akaanza kugawa kwa watu wanne.